Tumefungwa, Tonton

Kisangani, 4 Februari 2024

Tonton Isaïe,

Antena ya Bafwasende imelala tena, na mimi nimechoka kusikia ile sauti ya simu ikiniambia kuwa hupatikani. Basi nakuandikia kwa mkono. Nampa Gédéon barua, lori lake linaondoka kesho na sabuni za Mama Kahambu.

Nianze na lile unalotaka kujua na ambalo hutauliza. Ndiyo, kocha mpya amefika. Anaitwa Nassoro, mtu wa Kigoma, mrefu, mpole, na anavaa filimbi mbili shingoni, sijui anaogopa moja itakufa. Kiswahili chake ni safi mpaka sisi tunajiona tumeingia sebuleni na matope. Ramla, ambaye kwao ni Maniema na amekuwa akijidai anajua Kiswahili kutushinda sote, amepunguza maneno tangu siku ile.

Mimi bado ni kapteni. Mama Kahambu, mwenye timu, amesema mwaka huu Makasi ni timu ya basket ya kulipwa kwelikweli, si ya mdomo. Tukimaliza ligi ya jimbo katika nafasi nzuri tunaingia playoffs, zile mechi za mchujo, na atakayeshinda hizo anakwenda Kinshasa kutafuta ubingwa wa nchi. Jumamosi tumeanza kwa kuwashinda Lubunga, na nikuambie ukweli, mwaka huu tunafika mbali. Sioni timu ya kutuzuia.

Sasa neno langu. Miaka yote hiyo wewe ndiye uliyekaa kwenye ile benchi. Ulichora mistari ya uwanja kwa chokaa, ukanitoa nyuma ya meza ya duka la mama nikiwa na miaka kumi na sita, ukanipa mpira. Mama Kahambu alipokuondoa nilikwenda kwake kulia, akaniambia: « Kyakimwa, tonton yako anajua kufundisha batoto. Sasa minatafuta mutu anajua kushinda. » Wewe ukachukua bidhaa zako ukahamia Bafwasende siku hiyohiyo, na hasira yako ukaipakia pamoja nazo.

Huu ni msimu wangu wa mwisho, magoti yameshaniambia. Nataka uuone. Njoo mechi moja tu, ukae uwanjani, nikuone.

Mtoto wako,
Kyakimwa


Bafwasende, 21 Februari 2024

Kyakimwa mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka sabuni, nimeisoma mara mbili. Hongera kwa Lubunga, ingawa Lubunga hata shangazi zako wangewashinda.

Mimi ni mzima. Nauza chumvi, koleo na mabuti kwa wachimba dhahabu, na hakuna hata mmoja anayekuja kunifundisha kazi yangu.

Kuhusu kuja, hapana. Nilisema mbele ya mashahidi kuwa sitakanyaga uwanja ule tena, na mimi si kinyonga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wenu amekuja, na mwenyeji ametumwa porini kuuza koleo. Mwambie Mama Kahambu nimemsalimia.

Nitakupa shauri moja, kwa sababu wewe huna kosa. Mnakumbuka neno langu. Miaka yote nilikuwa nawafundisha neno hilo moja: funga. Funga njia, funga mlango, funga raquette, ile sehemu ya mbele ya kikapu, mtu asipite chini ya kikapu chenu hata kama ni mtoto wa gavana. Nyumba isiyofungwa huibiwa. Huyo mutu wa Kigoma na filimbi zake mbili atawafundisha kurusha mipira kutoka mbali kama wale wa televisheni, na ikifika Pasaka mtakuwa wa mwisho. Hapo Mama Kahambu atakumbuka barabara ya Bafwasende iko wapi.

Msalimie mama yako, dada yangu Françoise. Kula vizuri.

Tonton Isaïe


Kisangani, 14 Aprili 2024

Tonton,

Keti kwanza. Pasaka imepita na sisi ni wa kwanza. Tumepoteza mechi moja tu. Lakini hatushindi kwa sababu unayoifikiri wewe, wala kwa sababu anayoifikiri kocha.

Tangu mwanzo wa msimu kocha Nassoro anasimama kando ya mstari akipiga kelele: « Fungeni! Fungeni, jamani! » Nasi tunafunga. Sophie anafunga kushoto, Ramla kulia, mimi katikati, mikono juu, vilevile ulivyotufundisha. Hakuna anayepita. Tunawanyang'anya mpira, tunakimbia nao, tunatia. Kocha anarukaruka. Nikajisemea, kumbe hata huko Kigoma wanafundisha kama tonton.

Halafu siku moja katika Ramadhani akatuambia baada ya mazoezi: « Kesho nataka tufunge mapema, kabla hawajaamka. » Kesho yake Ramla alikuja amefunga, na hilo kwake ni kawaida ya mwezi. Lakini Sophie naye, Mkatoliki wa kwaya, hakuwa ameonja hata chai tangu alfajiri, na wengine kadhaa vilevile. Walidhani kocha ameomba timu nzima ifunge na kusali. Mpaka robo ya tatu walikuwa wanatembea. Ndiyo hiyo mechi tuliyopoteza.

Nilimvuta kocha kando nikamuuliza: « Coach, kwenu kufunga iko nini? »

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza maji ni nini. « Kufunga ni kufunga, dada. Kuutia mpira kapuni. Na wakikutia wewe, umefungwa. »

Umeelewa, tonton? Mtu anatuomba vikapu tangu Februari, na sisi tunampa mlango. Kisha tunashinda, naye anadhani tunamtii.

Sijamwambia. Wenzangu pia sijawaambia. Timu inashinda, nani ataigusa? Ubaya ni kwamba neno lake limeanza kuniingia mdomoni. Juzi nilimwambia mama, « Tumewafunga Mangobo, » akaniuliza kwa kosa gani.

Lakini unaona ninachotaka kukuambia. Ni neno lako lile analolipigia kelele bila kujua. Watu wote uwanjani wanamsikia yeye, mimi nakusikia wewe. Njoo usikie mwenyewe. Playoffs zinaanza mwanzoni mwa Juni.

Barua hii anayo Gédéon.

Kyakimwa


Bafwasende, 15 Mei 2024

Kyakimwa,

Tangu ile ya Februari sijapata kwako hata mstari mmoja. Gédéon hajafika. Wenye pikipiki wanasema lori lake limezama kwenye tope katikati ya msitu, yeye amejenga kibanda kando yake, anapika, na sasa amepata hata marafiki. Kama ulimpa barua, iko huko nayo. Hii nampa mwenye pikipiki, na wewe ufanye hivyohivyo.

Ninachokijua ni cha redio tu. Jumapili walisema Makasi imeingia playoffs, na kwamba hakuna timu jimboni iliyotiwa vikapu vichache kama yenu. Nilizima redio nikatoka nje kutembea. Mteja mmoja akanifuata kuniuliza kama nimefiwa.

Sijui huyo mutu amewafanyia nini. Nilidhani ataharibu. Najua ninavyopaswa kufurahi, na ninafurahi, lakini furaha yenyewe inanikwaruza. Wewe ni mtu mzima, naweza kukuambia hayo.

Usiniombe tena kuja. Ukiwa na shida, niite, nitakuja hata kwa miguu. Lakini kuja kukaa nyuma nimpigie makofi mtu aliyeketi mahali pangu, hapana. Playoffs utacheza vizuri bila mimi.

Tonton Isaïe


Kisangani, 2 Juni 2024

Tonton,

Naandika juu ya goti, mwenye pikipiki ameshawasha na hataki kungoja.

Tumefungwa jana, vibaya sana, mbele ya watu wote na mbele ya Mama Kahambu. Sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Usiku nimelia. Simu zetu wamezichukua zote na hatutoki nje mpaka mambo haya yaishe. Jumatano tunasimama tena mbele yao, na tukishindwa, imekwisha.

Mama hajui hali yangu, usimwambie. Ningekuwa nawe hapa nisingeogopa.

K.


Kapalata, kwenye kizuizi, Jumamosi 8 Juni 2024

Kyakimwa mwanangu,

Usiogope. Nimefika. Niko upande wa pili wa ukuta.

Kikaratasi chako nilikipata Jumanne jioni. Niliacha duka na mteja ndani yake. Njia ni tope tupu, tulianguka na pikipiki mara nyingi, mwenye pikipiki akataka kurudi, nikamwambia arudi kwa miguu. Mjini nilipiga simu yako, imezimwa, kama ulivyosema. Kwa mama yako sikupita, kwa sababu umeniomba nisimwambie, na mimi nikimwona dada yangu usoni siwezi kuficha kitu.

Nilimwuliza muuza mawese mmoja sokoni: wasichana wa Makasi wako wapi? Hakuinua hata macho. « Bale batoto ba basket? Balibafungia kule Kapalata, papa. Hakuna mutu anabaona mupaka siku ya mungu. » Kisha akaendelea kupima mawese. Mji mzima unajua, na watu wanaendelea kupima mawese.

Kapalata ni kambi ya jeshi, mwanangu. Mmefanya nini mpaka kupelekwa kwa wanajeshi? Siulizi ili nikugombeze.

Nilikuja na ile picha ya timu, ya mwaka tuliochukua kombe. Nikamwonyesha mlinzi: hawa hapa, watoto wazuri, huyu wa katikati ni wangu. Akasema humu hakuna wasichana. Nikamjibu kwamba wanasema hivyo siku zote. Nikakaa chini mbele ya kizuizi na kusema sitoki mpaka nimeona watoto. Magari yakaanza kupanga mstari nyuma yangu. Basi wameniweka kwenye banda la walinzi mpaka mkubwa wao arudi, kwa hiyo mimi pia nimefungwa. Siwezi kuwasema vibaya, wamenipa chai na mkeka, na mmoja ananiita papa.

Mama mmoja anayeuza chai hapa, Fanny, alisikia jina lako akacheka. Ana moyo mgumu, nilidhani. Lakini akasema: « Captain? Minajua fasi eko. Leta barua, nitamupatia mu mukono. » Anajua ulipo! Kwa hiyo ukiisoma hii ujue kuna mtu mwema huko ndani.

Nisikilize sasa. Nilikuambia nitakuja ukiwa na shida. Sikupaswa kungoja shida. Nilikuwa na uchungu kwa ajili ya kiti, na kiti ni ubao tu. Kesho Jumapili, hiyo siku ya mungu, wakikuhukumu, waambie mimi ndiye niliyekufundisha kusimama njiani na kutompisha mtu. Kosa lako ni langu pia, na kama kuna adhabu tutaigawana.

Tonton wako


Kisangani, 13 Juni 2024

Tonton,

Umeondoka Jumatatu alfajiri bila kuaga, kama mtu aliyeiba kuku. Kwa hiyo lazima nikuandikie yale ambayo ningekuambia mezani kwa mama juu ya sombe na samaki, na mama bado amenuna kwa ajili ya samaki wale.

Kwanza, naapa sikuandika vile makusudi. Mama haniamini. Mama Kahambu naye haniamini, amesema hiyo ndiyo akili ya biashara. Lakini miezi mitano nimekaa na yule kocha, na kwake kufungwa ni kupigwa mpirani, basi. Nilikuwa nimekueleza neno hilo lote katika barua ya Aprili, ile iliyozama na Gédéon. Jumamosi ile Mangobo walitushinda mechi ya kwanza kati ya tatu, na mimi nilipoteza mipira kama mtu asiyewahi kuishika. Simu alizichukua kocha. Na Kapalata ni kwa masista, nyumba yao iko kabla ya kufika kambini, ndiko alikotupeleka tupumzike mbali na mashabiki.

Jumatano tuliwashinda, ikabaki ya Jumapili kuamua. Jumamosi jioni Fanny, anayetuuzia chai sisi pia, akaleta barua yako. Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote. Pale ulipomjibu mlinzi kwamba wanasema hivyo siku zote, Sophie alianguka kutoka kitandani kwa kucheka. Nilipofika kwenye kiti na ubao sikuweza kuendelea, Ramla akanimalizia.

Tulipoinua macho kocha alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

« Kwa hiyo, » akasema polepole, « tangu Februari nikisema fungeni, nyinyi mnalinda? »

Ramla akajibu: « Coach, tulikuwa tunafunga. »

Akakaa juu ya sanduku la jezi. Nilidhani atakasirika. Baadaye akaniuliza: « Na huyu mzee aliyeko kwenye banda la walinzi ndiye aliyewafundisha? » Nikamwambia ndiyo. Asubuhi akaenda kukutoa mwenyewe. Mliyoongea ninyi wawili juu ya pikipiki moja kutoka Kapalata mpaka uwanjani sijui, hakuna aliyeniambia.

Mechi uliiona, lakini hukuiona kutoka ndani. Kujua maana mbili kulituharibu, tonton. Zamani tulikuwa tunafunga bila kufikiri. Jumapili, kila kocha alipofungua mdomo, kila mmoja wetu alijiuliza hii ni funga ipi. Ndiyo maana tulikuwa nyuma mchana wote. Tukajikokota, tukawakaribia, ikabaki pointi moja. Mpira wa mwisho ukawa wetu, ninao mimi, na wasichana wawili wa Mangobo wamenivaa kama koti. Kocha akasimama na, kwa mazoea ya mdomo, akapiga kelele: « Fungeni! »

Wawili wakarudi nyuma kulinda. Wawili wakaenda mbele nusu, wakasimama, wakatazamana. Sikuwa na wa kumpa mpira. Nikawaza, hivi ndivyo msimu wangu unavyokwisha, kwa neno.

Halafu kutoka nyuma kabisa, kwenye ukuta, ikaja sauti ambayo uwanja ule haukuisikia mwaka mzima. « Tia! Sophie, tia! »

Sophie hakufikiri. Miguu yake inaijua sauti hiyo tangu ana miaka kumi na tano. Aliingia chini ya kikapu peke yake, mpira wangu ukamkuta hapo, akatia. Watu waliingia uwanjani na mabenchi. Mimi niligeuka kukutafuta, nikaona mgongo wako ukitoka mlangoni.

Nilidhani umetoka kwa hasira, kwamba umemsaidia mtu usiyempenda na unajuta. Nimelala na wazo hilo siku nne, linanichoma. Kama ni hivyo niambie tu, sitakulaumu. Nilikuomba uje mechi moja na umekuja, tena kwa kufungwa.

Lakini kocha amenituma neno, nami nalifikisha kama alivyolisema: « Mwambie mzee, Kinshasa nahitaji mtu wa pili wa kusema. » Mama Kahambu amekubali. Amekubali akitazama pembeni, lakini amekubali. Ndege ni mwezi ujao.

Kyakimwa


Bafwasende, 24 Juni 2024

Kocha Nassoro,

Sijawahi kukuita hivyo, hata siku ile juu ya pikipiki. Nilikuita wewe, au bwana. Sasa nimeandika, na naona kalamu haikuvunjika.

Gédéon amefika juzi na barua ya mtoto wangu ya Aprili, ina tope mpaka ndani ya bahasha. Nimecheka peke yangu dukani mpaka wachimbaji wakaenda kununua chumvi kwa jirani.

Nimefikiri sana juu ya Kinshasa. Shauri langu ni usiwasahihishe. Neno lile wanalo mwilini, na mwili haujifunzi Kiswahili cha Kigoma kwa mwezi mmoja. Wewe ukisema funga, wao wafunge mlango, na iwe hivyo kwa wote, ili mtu asisimame kujiuliza. Ikija zamu ya kikapu, nigeukie tu, nitasema mimi. Sauti yangu umeshaisikia, inafika mbali. Mambo ya mipira ya mbali ni yako, mimi siyajui vizuri, na siku ile niliona Ramla akitia miwili ambayo mimi nisingemruhusu hata kuijaribu. Umewafundisha vizuri. Nimekaa na sentensi hiyo wiki nzima kabla ya kuiandika.

Mwambie Kyakimwa asikose usingizi. Sikutoka uwanjani kwa hasira. Nilitoka kwa sababu nilikuwa nalia, na mtu wa umri wangu halii mbele ya Mama Kahambu. Mwaka mzima nilidhani timu ile mmeninyang'anya. Kisha nikafika nikawakuta wanasimama kama nilivyowasimamisha, na mtu mgeni anawapigia kelele neno langu kwa bidii yote, bila kujua ni langu. Sikujua niweke wapi uso.

Duka nimemwachia jirani. Nitafika Kisangani kabla ya siku ya ndege, na safari hii nitapita kwa dada yangu kula samaki. Msiniite kocha msaidizi, sitaitika. Wasichana wataniita tonton kama zamani, nawe niite utakavyo.

Nina sharti moja tu. Kwenye benchi, kiti changu kiwe kando ya chako, si nyuma.

Isaïe